Nguo za Dirishani

Kwetu asubuhi huanzia dirishani. Mama huvuta pazia kabla hata ya kunywa chai, hufungua mbao mbili za dirisha, kisha hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mimi huweka kwenye mkono huo hanga yenye nguo iliyokamilika jana, nikiwa nimeshaikung'uta nyuzi. Anaitundika kwenye nondo, kifua cha nguo kikiangalia mtaani. Babu, ambaye kitanda chake kimesukumwa hadi kugusana na meza ya cherehani, huuliza, "Leo nani kaiva?" Mama humtajia mwenye nguo, na babu huguna kwa kuridhika kama mtu aliyeletewa habari za mavuno.

Hivyo ndivyo mama anavyofanya kazi. Mafundi wengine wana "njoo kesho". Mama hana kesho, ana dirisha. Mteja akipita kwenda kwenye shughuli zake akaona nguo yake inaning'inia, anajua imekwisha. Asipoiona, anaendelea na safari yake, hakuna kugonga mlango wala kuulizana. Mtaa mzima unaelewa. Watu husema dirisha lile ndilo fundi pekee asiyesema uongo.

Asubuhi moja gauni la buluu la Mama Pacha, jirani yetu wa mbele, lilikuwa ndiyo kwanza limetundikwa. Mama alikuwa anaifuata chai yake pale mtu alipotokea nje, akashika mkono wa gauni na kuunyoosha. Nilidhani ni mwenyewe Mama Pacha na papara zake. Nilipochungulia nikaona mwanamume aliyevaa kizibao cha jiji, kwapani kabana ubao wenye karatasi. Alitusalimu vizuri. Akamwona babu, akampa pole. Halafu akaomba tumwazime futikamba, kwa kuwa yake ameisahau ofisini.

Mama hajawahi kumnyima mtu kifaa. Aliivua shingoni, akampitishia kwenye nondo.

Yule bwana alianza kupima gauni. Alipima kutoka kola mpaka kwenye pindo, akaandika. Akataka kupima upana, akaiweka futi mahali pasipo pake, na mama hakuweza kuvumilia.

"Mabega hayapimwi hivyo, mwanangu. Anzia pale kwenye mshono, nenda mpaka kwenye mshono."

Alishukuru, akarudia kama alivyoelekezwa. Kisha akainyoosha mikono yote miwili ya gauni, likawa kama mtu anayesimamisha magari, akapima kutoka ncha hii mpaka ile. Mama alimshikia upande mmoja ili kitambaa kisijikunje. Nakumbuka alikuwa anatabasamu. Alidhani yule bwana anaagiza nguo ya mkewe.

Ndipo akatueleza. Kitu chochote kinachotazama barabara, kikiwa ni cha biashara na kinawafanya wapita njia wageuze shingo, ni tangazo. Tangazo lina ada yake, na ada inatokana na ukubwa.

"Hii ni nguo ya mtu," mama alisema. "Mwenyewe atapita kuichukua sasa hivi."

"Najua, mama. Lakini kwa sasa ni tangazo."

"Na mikono umeihesabu?"

"Mikono inaonekana, mama."

Babu akasema kutoka kitandani kuwa basi kuanzia leo tushone vizibao visivyo na mikono, kodi itapungua. Yule bwana alicheka kwa heshima, lakini hakufuta alichoandika. Aliongeza kwamba kuna jambo la pili. Nyumba yetu kwenye ramani ya jiji imeandikwa ni ya makazi, na yeye kwa macho yake anaona cherehani, vitambaa na meza ya kukatia. Makazi ni ya kulala na kupika. Anayetaka kufanya biashara aombe leseni, na leseni haitolewi kwa chumba chenye kitanda. Alituachia karatasi, akairudisha futi kwa mikono miwili, akatuaga.

Mama na babu waliniangalia mimi. Mama alikuwa ananitegemea nizungumze, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo. Nami nilikuwa nimeshazungumza. Nilikuwa nimemwambia yule bwana, "Sawa."

Nimesomea kazi ya maktaba. Mama huwaambia wateja wake kwamba nilisomea kunyamaza na nikafaulu vizuri sana.

Babu ndiye aliyembatiza yule bwana jina la Bwana Vipimo. Siku ile tulilicheka jina hilo, tukaendelea na kazi. Lakini jioni mama aliniomba nimsomee ile karatasi polepole, na nilipomaliza hakucheka tena. Cherehani ingeweza kuchukuliwa. Ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa upole, katikati ya maneno mengine.

Majirani walishauri tukakodi kibanda kwenye soko jipya lililojengwa na jiji upande wa pili wa mji. Ni ushauri mzuri kwa mtu asiye na babu. Tangu miguu yake ilipogoma, hawezi kuachwa. Anahitaji kugeuzwa, kunyweshwa, kupelekwa haja, na zaidi ya yote anahitaji kelele za cherehani. Mama akikanyaga, babu hulala kama mtoto mgongoni. Mama akisimama kwa muda mrefu, babu hufumbua macho na kuuliza, "Mbona kimya? Nani kafa?" Ni utani wake wa zamani, lakini siku hizi huuliza kwa hofu kidogo. Mimi ningeweza kubaki naye, ni kweli, na nilisema hivyo. Mama akaniuliza na ajira nikiipata nitaifanyia kitandani kwa babu? Na yule ni baba yake. Hataki kwenda kushona mbali naye halafu aitwe aje kuambiwa.

Basi nikatumwa kwenye ofisi za jiji.

Nilikaa kwenye foleni nikiwa na sentensi moja kichwani. Nilikuwa nimeitunga njiani, nikaipunguza, nikaipiga pasi mpaka haina kunjo: Mama yangu ni fundi, anashonea nyumbani kwa sababu anamuuguza baba yake, tunaomba aachwe afanye kazi. Niliirudia moyoni kila watu waliposogea. Dirisha la kwanza nikaambiwa siyo hapa. Dirisha la pili mhusika alikuwa ametoka. Nilipomfikia mtu wa tatu nikasema shikamoo, yeye bila kuinua uso akaniuliza ni makazi au biashara, na sentensi yangu yote ikakimbia kama panya waliowashiwa taa.

"Yote mawili," nilisema.

"Hakuna yote mawili."

Akanisomea masharti. Chumba kiwe hakilalwi. Kiwe na mlango wake wa kuingilia wateja, choo chao, na mtungi wa kuzimia moto. Mwenye nyumba aandike kwamba amekubali nyumba yake ibadilishwe matumizi, na akishaandika, kodi ya jengo inapanda kwake, kwa hiyo hataandika. Hilo la mwisho alilisema yeye mwenyewe, kama mtu anayeniokolea muda. Nikasema sawa. Nikasema na asante.

Nilikuwa naelekea mlangoni, nimeinamisha uso ili nisionekane, mama mmoja mfanyakazi wa pale, aliyekuwa ameisoma karatasi ya Bwana Vipimo mkononi mwangu, aliponivuta kando. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa kamba na sauti ya dada mkubwa.

"Mdogo wangu, hizo nguo za dirishani, si mseme ni za kufua? Nguo iliyoanikwa haina ada. Igeuzeni tu ndani nje, kama watu wanavyoanika ili jua lisiipaushe. Hakuna atakayewauliza. Na cherehani ni chombo cha nyumbani, kila mtu anayo. Andika hapa kwamba hakuna biashara inayofanyika, mama yako atie sahihi, uniletee."

Alinisaidia. Nataka ieleweke kwamba alinisaidia, na kwamba njia nzima nilimwombea heri. Lakini nilipofika nyumbani na kumpa mama karatasi ile, nilimwona anaisoma kwa kidole, anarudi nyuma, anaisoma tena.

"Kwa hiyo mimi sishoni."

"Unashona, mama. Ila kwenye karatasi hushoni."

"Na hizi nguo?"

"Ni zetu. Tumezifua."

"Gauni hili la pili la Mama Pacha unaingia wewe mara mbili na babu yako juu," alisema. Alitia sahihi, akaliacha neno hapo.

Kesho yake nilimpa hanga kama kawaida, naye akaligeuza gauni ndani nje na kulitundika. Alifanya hivyo haraka, bila kuliangalia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wateja wenyewe walikuwa hawalijui vizuri. Mama humaliza nguo kwa ndani kama anavyomaliza kwa nje. Hakuna ncha ya kitambaa inayoachwa wazi. Kila mshono unakunjwa, unafunikwa, unashonwa tena, hata pale kwapani ambapo mtu hafiki ila kwa kuoga. Kazi hiyo inakula nusu ya siku zake na hajawahi kuilipisha. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini anajisumbua, akasema nje ni kwa ajili ya watu na ndani ni kwa ajili ya mvaaji. Sasa jiji lilikuwa limemlazimisha kuuonyesha mtaa mzima kitu alichokuwa akikificha kwa ajili ya mtu mmoja mmoja.

Wanawake walianza kusimama. Mwanzoni mmoja, akapitisha kidole kwenye mshono, akatikisa kichwa akaenda. Halafu wawili wawili. Mama Pacha alikuja na wifi yake, akamwonyesha kwapa la gauni lake mwenyewe kama mtu anayeonyesha ukumbi wa nyumba mpya. Tukawa tunasikia maneno kupitia pazia. "Angalia hapa ndani." "Lakini hata uzi unaoning'inia hakuna." Babu alisema biashara ya tangazo imekufa, imezaliwa biashara ya kufua.

Siku moja alisimama mwanamke mgeni, amevaa suti ya kazini iliyokaa vizuri. Alikagua pindo la sketi iliyokuwa dirishani, akaligeuza huku na huku, akabisha kwenye ubao wa dirisha kwa adabu. Alitaka kumjua fundi. Alisema ametafuta fundi wa namna hii tangu ahamie mji huu, na wenzake kazini wanatafuta pia.

Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali. Nyuma ya yule mwanamke, upande wa pili wa barabara, kizibao cha jiji kilikuwa kinapita. Hatukujua kama ni Bwana Vipimo au mwingine.

"Hapa hakuna fundi, dada," mama alisema. "Ni nguo za kufua."

Yule mwanamke alitazama cherehani. Alitazama kipande cha sketi nyingine chini ya sindano. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona amekataliwa na hajui kosa lake, akaomba radhi, akaondoka. Kizibao nacho kilipita bila hata kugeuka. Mama aliendelea kukaa. Baada ya kitambo babu akafumbua macho, akauliza nani kafa, na mara ile mama hakumjibu.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa kama ya watu wanaouza kitu haramu. Wateja waliletwa na Mama Pacha kupitia uani, wakipimwa jikoni kati ya masufuria, wakinong'ona. Mama alikunja blanketi akaliweka chini ya cherehani ili lisitoe sauti, na babu akawa hapati usingizi. Viatu vizito vikisikika nje, mama huitupia mashine shuka, hukaa kando yake na mikono mapajani kama mgeni. Vikipita, hufunua, hushona, husimama tena, husikiliza. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu. Wakati mwingine alinitazama kama anayetaka kuniuliza kitu kuhusu ile karatasi, akaacha. Ningefurahi angenigombeza.

Kisha akakosea. Alishona mkono wa kulia upande wa kushoto, nguo ya mtu, kitambaa cha watu. Hata wanafunzi wa ushonaji huliacha kosa hilo wiki ya kwanza. Aliishika ile nguo mbele yake, kiwiko kikiangalia mbele, na nilidhani atacheka kwa sababu kwa kweli ilichekesha. Aliiweka mapajani, akaanza kufumua. Alifumua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa nasikiliza barabara," alisema. "Mtu hawezi kushona huku anasikiliza barabara."

Wakati anaurudishia mkono ule pahali pake, Bwana Vipimo alikuja.

Ilikuwa mchana mweupe. Wanawake wawili walikuwa dirishani wanaikagua blauzi, na walipomwona walisogea kama wana haraka ya kwenda mahali. Mama alishachelewa kufunika mashine. Yule bwana alisalimu, akaulizia hali ya mzee, akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Kizibao chake kilikuwa kimefumuka begani, na niliona jicho la mama linakwenda pale pale. Akaishika blauzi. Ilikuwa kavu, tena na alama za chaki kwenye mstari wa kifua, na pini mbili zilizosahauliwa.

"Mama, hii mmeifua na chaki yake?"

Hakuonekana kufurahi kutukamata. Alisema wamelalamikiwa, kuna watu wanaosimama hapa na kuzuia njia. Alisema na yeye ana anaowajibika kwao, kila mwisho wa wiki anaulizwa ameleta nini. Akatueleza kwa sauti ya chini, kwa sababu alituhurumia, kwamba anaweza kuandika mojawapo ya mambo mawili. La kwanza, nguo za kufua zimeanikwa upande wa barabara bila ruhusa. Hiyo ni faini ndogo, tunalipa yanaisha, ila tutie sahihi upya kwamba hapa hakuna kazi yoyote inayofanyika, naye hatachungulia kwa muda. La pili, biashara ndani ya makazi bila leseni. Hiyo siyo ndogo, na chombo kinashikiliwa mpaka ilipwe.

"Nyinyi wenyewe semeni," alisema. "Mimi nitaandika mtakachosema. Nikipima tu hapa, nikaandika za kufua, tumemaliza. Naomba tena ile futi, mama, yangu imekatika."

Cherehani ilikuwa kimya. Mama alinyanyua mkono shingoni, akaishika futi yake. Alikuwa ameinamisha uso, na nilimwona anafungua mdomo.

"Ni za..." alisema. Akajaribu tena, na neno likakataa kutoka. Nilijua ni neno gani. Nilikuwa nimelileta mimi nyumbani.

Niliwaza ningesema sawa. Ndilo lililokuwa limekaa ulimini, limezoea njia. Lakini babu alikuwa ameamka, na kutoka kitandani akauliza kwa sauti ile ya hofu ndogo, "Mbona kimya? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, babu," nilimjibu.

Nikasikia sauti yangu imejaa chumba. Kwa kuwa ilikuwa imeshatoka, niliiacha iendelee. Nilikwenda dirishani, nikaishusha blauzi, nikaigeuza upande wake wa nje, nikaitundika tena. Pini moja ilinichoma. Halafu niliuweka mkono wangu juu ya mkono wa mama, pale kwenye futi, nikauzuia.

Bwana Vipimo alikuwa ananisubiri, kalamu mkononi. Nilimtazama machoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Siyo za kufua," nilisema. "Ni kazi. Mama yangu ni fundi, na hii ni kazi yake. Anashonea hapa kwa sababu baba yake amelala hapa. Andika hivyo, kaka, kama nilivyosema, usipunguze. Na ukitaka kutupima, nenda kalete futi yako."